"Njoo muda wowote": je, shule ya Kithai yenye ratiba huria inamfaa anayeanza?

Wapendwa wa safu ya ushauri,

Salaam nyingi kutoka Bangkok. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mwenyeji wa Arusha. Mwaka huu nimehamishiwa hapa na kampuni inayonunua vito vya rangi. Ofisi yetu ipo Silom, hatua chache kutoka Mtaa wa Mahesak, ambako rubi za Msumbiji, spineli za Mahenge na tanzanaiti za Mererani hufika mezani kwa madalali. Viza ya kazi na kibali cha kazi ninavyo, mwajiri alivishughulikia. Nisichokuwa nacho ni Kithai.

Mezani natumia Kiingereza na kikokotoo. Dalali anabonyeza bei yake, nami nabonyeza yangu. Kisha wanageukiana, wanaongea kwa Kithai dakika mbili tatu, na wakirudi kwangu bei imeshaamuliwa. Nimechoka kukaa pale nisijue kinachosemwa. Nilijifunza maneno kwenye programu ya simu, lakini nikiyatamka hakuna anayenielewa, hata namba.

Tatizo langu ni ratiba. Jumatatu hadi Alhamisi nipo ofisini hadi saa kumi na moja jioni. Kila baada ya wiki moja, Ijumaa hadi Jumapili, nakwenda kwenye soko la vito la Chanthaburi. Na katika miezi sita ijayo nitarudi nyumbani mara mbili, wiki tatu kila safari.

Nimepata shule tatu. Ya kwanza ipo Asok: darasa la kundi, "njoo muda wowote", saa 120 kwa baht 18,000, zitumike ndani ya miezi sita. Wanasema punguzo linaisha wiki hii, na mhudumu ananishauri nibadili viza iwe ya mwanafunzi ili "nitulie". Ya pili ni ya kila siku asubuhi, saa tatu kwa siku, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki nne. Mwajiri hawezi kunipa ruhusa hiyo. Ya tatu ipo karibu na Sala Daeng: mwalimu na mimi peke yetu, saa 10 kwa baht 5,500, na vipindi vingine vinaweza kufanyika mtandaoni. Hii naiona ghali mno.

Nichague ipi? Na je, nianze na kuzungumza au na herufi zao? Mwenzangu wa ofisini anasema herufi zingoje mwaka mzima.

Mnunuzi wa Vito, Silom

—

Dada yetu,

Chukua mwalimu wa Sala Daeng kwa saa 30 za mwanzo, uzilipie kumi kumi. Ukizimaliza, ingia kwenye kundi huria, na hata huko usinunue zaidi ya saa 30 kwa mkupuo mmoja. Tutaeleza sababu kwa urefu, kwa kuwa ukizielewa utaweza kuipima shule yoyote, hata hizi tatu zikibadilisha bei kesho.

Shule zinaposema "ratiba huria" huwa zinachanganya mambo mawili. La kwanza ni uhuru wa muda: unahamisha kipindi, unasimamisha masomo ukisafiri, unasoma saa moja usiku badala ya saa tatu asubuhi. La pili ni uhuru wa mfuatano: kundi halina mwanzo wala mwisho, anayeingia leo anakuta ukurasa wa leo, uwe wa 3 au wa 43. Wewe unahitaji la kwanza. La pili humwumiza anayeanza, na kwa Kithai humwumiza kuliko kwa lugha nyingi, kwa sababu kila neno la Kithai limebeba toni. Mtu ambaye sikio lake halijazoea toni akiingia ukurasa wa 43 atasikia maneno ishirini, atayaandika kwa herufi za Kilatini anavyodhani, kisha atarudi nyumbani na maneno ishirini mabovu. Kuyang'oa baadaye ni kazi kubwa kuliko kujifunza upya. Mwenye msingi kichwani anaweza kuingia ukurasa wowote na akafaidika. Kwa hiyo shule ya Asok si mbaya. Inakujia mapema tu.

Sasa hesabu, maana wewe ni mtu wa biashara. Miezi sita ni wiki 26. Toa wiki sita za safari zako, zinabaki 20. Ili umalize saa 120 unatakiwa usome saa sita kila wiki bila kukosa, nawe una jioni nne tu, na wiki za Chanthaburi utakuwa umechoka. Kwa maisha hayo, saa nne kwa wiki ndizo zinazowezekana: jumla 80. Saa 40 zitaungua. Bei yako halisi basi si baht 150 kwa saa, ni baht 225.

Tuendelee kidogo. Tuseme kipindi ni dakika 50 na mwalimu huzungumza nusu yake. Zinabaki dakika 25. Kundi la watu sita linakupa wewe dakika nne za kufungua mdomo. Mwalimu wa peke yako anakupa zote 25. Kwa Asok utalipa takriban baht 56 kwa kila dakika unayozungumza na kusahihishwa, na kwa Sala Daeng utalipa baht 22. Hesabu hii haidumu milele. Ukishakuwa na msingi, kusikia wenzako wakikosea na kusahihishwa nako kunafundisha, na kundi linaanza kuwa na thamani. Lakini mwanzoni kinachohitajika ni kusahihishwa, tena kila mara.

Lipo pia suala la njia. Kutoka Surasak, kituo cha upande wa ofisi yako, hadi Sala Daeng ni vituo vitatu vya treni ya juu, na treni ni ileile. Kwenda Asok utabadilisha treni pale Siam, saa ya watu kutoka kazini, halafu urudi. Jioni ya Alhamisi ambayo kesho yake ni Chanthaburi, mwendo huo ndio utakaokufanya ukose darasa. Mtu akipima shule apime na njia yake.

Kwa nini programu ya simu haikukusaidia? Tunaona sababu nne, na zote zinawapata sana wasemaji wa Kiswahili, kwa hiyo mpe mwalimu wako ukurasa huu.

Ya kwanza ni toni. Kithai kina tano: ya kati iliyo tambarare, ya chini, ya kushuka, ya juu na ya kupanda. Neno "klai" likisemwa tambarare lina maana ya mbali. Likianza juu na kushuka, ni karibu. Kiswahili hakina toni, ila kina mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na tunapouliza swali tunapandisha sauti. Tabia hizo mbili tunaingia nazo kwenye Kithai bila kujua. Ukiuliza bei huku ukipandisha sauti mwishoni, umebadilisha toni ya neno la mwisho, na pengine umelifanya neno jingine kabisa. Mthai anayeuliza swali la ndiyo au hapana huweka neno dogo "mai", lenye toni ya juu, mwishoni mwa sentensi, na maneno mengine yanabaki na toni zake. Kama nyumbani kwenu mnazungumza Kichaga, hiyo ni lugha ya toni nayo. Sikio lako lina kianzio ambacho mzungumzaji wa Kiswahili peke yake hana.

Ya pili ni mpumuo. Kithai hutenganisha p kavu na p yenye pumzi, na vivyo hivyo t na k. "Kai" kwa k kavu na toni ya chini ni kuku. "Khai" kwa k yenye pumzi na toni hiyohiyo ya chini ni yai. Ile h inayoandikwa kwa Kilatini ni alama ya pumzi tu. Hapa Mswahili hujikwaa vibaya, kwa sababu macho yake yameshazoea th ya "thamani" na kh ya "kheri". Katika Kithai hazisomwi hivyo hata kidogo, na ph si f. Mtu wa Mombasa anayezungumza Kimvita anaijua tofauti hii tangu utotoni, maana kwake paa la nyumba na paa wa porini hawatamkwi sawa. Wewe wa bara weka kipande cha karatasi nyembamba mbele ya midomo: kwa p kavu kisitikisike, kwa p yenye pumzi kiruke.

Ya tatu ni miisho ya maneno. Maneno yetu karibu yote huishia na irabu. Kithai kina maneno mengi yanayoishia na k, t au p, na konsonanti hiyo haiachiliwi: mdomo au ulimi unafunga, basi. Sisi tunaongeza irabu, "sipi" badala ya "sip", "hoki" badala ya "hok". Angalia namba: sita ni hok, saba ni jet, nane ni paet, kumi ni sip. Namba nne katika kumi za mwanzo zina mtego huo. Ndiyo maana hata namba zako hazikueleweka.

Ya nne ni urefu wa irabu. Irabu za msingi ni tisa, na kila moja ina fupi yake na ndefu yake, nazo hutenganisha maana. Waswahili waliokulia Oman na kuzoea Kiarabu hawasumbuki sana hapa. Wengine wahesabu: ndefu ishikwe takriban mara mbili ya fupi.

Usivunjike moyo, kuna mahali ambapo Kiswahili kinakupa faida ambayo mwanafunzi wa Ulaya hana. Sauti ya ng' ya "ng'ombe" ipo mwanzoni mwa maneno mengi ya Kithai, likiwemo neno la kazi na neno la fedha. Wenzako darasani watahangaika nayo wiki nzima, wewe utaitamka siku ya kwanza. Katika hesabu, Wathai wana neno moja la laki, "saen", kama sisi. Wana pia neno la elfu kumi, "muen", ambalo sisi hatuna, nalo ndilo la kufanyia mazoezi: 35,000 husemwa muen tatu na elfu tano, na 250,000 ni saen mbili na muen tano. Bei za mawe zipo humo humo kila siku. Hata saa zinakaribiana: saa moja usiku kwetu ni "nueng thum" kwao, yaani thum ya kwanza, na zinakwenda sambamba hadi saa tano usiku. Mchana na usiku wa manane mfumo wao unabadilika, kwa hiyo usipange miadi ya mchana kwa kukisia. Na kuitana kwa udugu utakuzoea upesi: aliyekuzidi umri ni "phi", mdogo wako ni "nong", hata kama ni dalali uliyekutana naye leo.

Kuhusu herufi, hatukubaliani na mwenzako wa ofisini. Hatusemi uanze siku ya kwanza, lakini usipite saa ya 12 bila kuzigusa. Maandishi ya Kilatini ya Kithai hayana mfumo mmoja. Karibu kila shule ina wake. Ukihama shule, unajifunza kusoma upya. Mfumo rasmi wa serikali, unaouona kwenye mabango ya barabarani, hauonyeshi toni wala urefu wa irabu. Ukiandika "khao" kwa mfumo huo, umeandika mchele, nyeupe, habari, mlima na kuingia kwa mpigo mmoja. Kwa mtu anayetaka kuhama kutoka mwalimu binafsi kwenda kundi huria, na pengine tena kwenda kwa mwalimu wa mtandaoni akiwa Arusha, herufi za Kithai ndizo kitu pekee kisichobadilika kati ya shule na shule. Uhuru wako wa ratiba unategemea hapo.

Herufi za konsonanti ni 44, mbili kati yake hazitumiki tena. Zimegawanyika katika makundi matatu: la kati lina tisa, la juu 11, la chini 24. Kundi ni muhimu kwa sababu alama ileile ya toni inaleta toni tofauti kulingana na kundi la herufi inayoibeba. Alama ya kwanza, "mai ek", juu ya herufi ya kundi la kati au la juu inaleta toni ya chini. Juu ya herufi ya kundi la chini inaleta toni ya kushuka. Mwalimu mzuri ataanza na zile tisa za kati pamoja na irabu ndefu, kisha kundi la juu, na kundi la chini mwisho. Anayekupa herufi zote 44 kwa mpangilio wa watoto wa shule ya msingi katika somo moja anakuchosha tu. Irabu zitakushangaza mwanzoni kwa kuwa huandikwa mbele, nyuma, juu au chini ya konsonanti, na maneno hayatenganishwi kwa nafasi. Dakika 15 kwa siku, kwa kalamu na karatasi, zinatosha.

Basi saa zako 30 tungezipanga hivi, na umwonyeshe mwalimu kabla ya kulipa. Kumi za mwanzo ziwe za sikio na mdomo: toni tano kwenye silabi mojamoja, jozi kama kai na khai, miisho iliyofungwa, namba hadi milioni, salamu, na kuuliza bei. Hapo hapo ushike neno la heshima la mwanamke, "kha": lina toni ya kushuka ukieleza jambo, ya juu ukiuliza. Ukifundishwa na mwalimu mwanamume usimwige "khrap" yake. Kumi za pili: nusu ya kila kipindi herufi, nusu mazungumzo. Kumi za tatu uzielekeze kwenye meza yako ya kazi. Neno la vito vya rangi ni "phloy". Jiwe lililopashwa moto husemwa limechomwa, "phao", kwa pumzi na toni ya kupanda. Mweleze mwalimu mazungumzo yanavyokwenda mezani ili akutungie mazoezi ya kupunguziana bei, kuuliza uzito, kukataa kwa adabu na kusema utarudi kesho.

Wiki yako iwe na vipindi viwili vya saa moja na nusu, Jumanne na Alhamisi, na kimoja cha saa moja mtandaoni Jumatatu. Hizo ni saa nne, na ndani ya wiki nane za kuwapo mjini utakuwa umemaliza. Usikubali kuzirundika zote siku moja. Toni hupotea upesi zisipotumiwa, na pengo la siku kumi mwanzoni hurudisha nyuma karibu masomo mawili. Wiki za Chanthaburi na zile za nyumbani tumia sauti ya mwalimu wako. Kila mwisho wa kipindi mwombe arekodi kwenye simu yako maneno 20 ya siku hiyo, kila neno mara mbili, akiacha nafasi ya kukariri baada yake. Ni dakika tatu za kazi kwake na wiki nzima ya mazoezi kwako.

Soko la Chanthaburi lenyewe ni darasa la kusikiliza, na utakuta jambo moja ambalo shule hazilisemi mapema: darasani utafundishwa r, mtaani utasikia l. Konsonanti mbili zilizofuatana nazo hupunguzwa, "khrap" ikawa "khap". Jifunze kutamka ya darasani na kuelewa ya mtaani. Ukitamka ya darasani hakuna atakayekudharau.

Kabla ya kulipa hata saa kumi, omba somo moja la majaribio, hata kama ni la kulipia, na awe mwalimu yuleyule atakayekufundisha. Shule nyingine huleta mwalimu hodari siku ya majaribio kisha hukupangia mwingine. Katika somo hilo tamka jozi ya kuku na yai kwa makusudi vibaya. Akikuzuia na kukuonyesha kwa mkono toni inavyokwenda au pumzi inavyotoka, umempata. Akitabasamu na kusema ni nzuri, mshukuru uondoke. Upole wa namna hiyo utakugharimu miezi. Angalia pia anavyoeleza: akitumia Kiingereza zaidi ya nusu ya muda, unalipa kusikiliza Kiingereza.

Kisha mkataba. Uliza saa moja kwao ni dakika 50 au 60. Uliza muda wa kuisha unahesabiwa tangu siku ya kulipa au tangu somo la kwanza, na kama unaweza kusimamishwa ukiwa safarini. Kwako hili ni la lazima, dai wiki tatu mara mbili. Kuahirisha kipindi bila kukatwa ni saa 24 kabla? Kwa ujumbe wa programu ya LINE au lazima upige simu? Mwalimu akiugua, kipindi kinafidiwa au kinapotea? Sikukuu nazo, hasa Songkran, mwaka mpya wa Kithai, tarehe 13 hadi 15 Aprili, shule hufunga, na siku hizo zisihesabiwe kwenye muda wako. Kwa darasa la kundi uliza swali ambalo watu husahau: wanafunzi wakipungua wakabaki wawili au mmoja, nini kinatokea? Shule zingine hupunguza saa nusu kwa bei ileile, zingine hulifunga kundi. Majibu yote yaandikwe kwenye risiti au mkataba, na nakala ya Kithai isomwe na mwenzako wa ofisini kabla hujatia saini. Ahadi ya mdomo ya mhudumu wa mapokezi haimfungi mtu.

Leseni nayo iangalie. Shule binafsi ya lugha inayowafundisha watu kwa utaratibu halali husajiliwa chini ya Wizara ya Elimu, na kwa kawaida leseni hutundikwa ukutani. Tarehe zake zipo kwa mwaka wa Kibudha. Toa 543 upate wetu. Iliyoandikwa 2569 ni ya 2026.

Hapo tunafika kwenye ushauri wa kubadili viza, na tunakuomba ulisome hili kwa makini: usikubali. Viza yako ya sasa ndiyo inayokiwezesha kibali chako cha kazi. Viza ya mwanafunzi hairuhusu kazi. Ukibadili, siku hiyohiyo unajiondoa kwenye ajira halali, na kukaa mezani kununua mawe kunakuwa kosa la sheria. Mhudumu anakushauri hivyo kwa sababu kifurushi cha viza ni biashara kubwa kwa shule. Wewe unahitaji masomo tu, na hayo unaweza kuyanunua popote bila kugusa pasipoti yako.

Kwa wasomaji wengine ambao hawana kibali na wanafikiria viza ya mwanafunzi: fahamuni kwamba viza hiyo na ratiba huria haviendi pamoja. Shule hutakiwa kuonyesha mahudhurio yako, muda huongezwa idara ya uhamiaji kwa vipindi, kila ombi likilipiwa baht 1,900, na afisa anaweza kukuuliza maswali kwa Kithai kupima kama kweli unasoma. Shule inayokuuzia viza huku ikikuambia usijali kuhudhuria inakuweka wewe hatarini, maana atakayesimama mbele ya afisa ni wewe. Masharti hubadilika, kwa hiyo ulizeni ubalozi wa Thailand, ule wa Nairobi kwa walio wengi wetu, kabla ya kulipa ada.

Ulitaja shule ya asubuhi ya wiki nne. Ni mtindo mzuri kwa mwenye mwezi mtupu, na Chuo Kikuu cha Chulalongkorn nacho kina kozi ya aina hiyo inayosifika kwa ukali wake. Ukikosa siku tatu katika madarasa hayo huwezi kuwafikia wenzako tena. Kwa ratiba yako iache. Unaweza pia kusikia habari za mtindo wa kusikiliza tu, ulioanzishwa na J. Marvin Brown katika shule ya AUA huko Bangkok mwaka 1984, ambapo mwanafunzi hukaa mamia ya saa akisikiliza kabla ya kuzungumza. Unajenga sikio safi. Lakini wewe unataka kujadiliana bei ndani ya miezi, kwa hiyo uutumie kama nyongeza: video za walimu wanaosimulia kwa picha na vitendo, nusu saa ndani ya basi la Chanthaburi.

Na tusikudanganye kuhusu muda. Taasisi inayowafundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani hukadiria saa 1,100 za darasani ili mtu afanye kazi kwa Kithai bila shida. Shule inayokuahidi ufasaha kwa miezi mitatu inauza maneno. Kwa saa 30 nzuri utakuwa na namba zinazoeleweka, bei, salamu, maelekezo ya dereva, na uwezo wa kusoma maneno mafupi. Kuyafuata mazungumzo ya madalali wanapogeukiana ni kazi ya saa mia na zaidi, na kutaanza vipande vipande: kwanza utashika namba, kisha utashika kama wanakubaliana au wanabishana, kisha sababu.

Punguzo la Asok linaloisha wiki hii liache liishe. Waandikie kwamba utarudi baada ya miezi mitatu, kwamba utataka kifurushi cha saa 20 au 30, na kwamba utaomba wakupime kabla ya kukupangia kundi. Siku ya kupimwa waombe wakusomeshe ukurasa wa kitabu chao kwa herufi za Kithai. Kundi wanalokupa likiwa bado linasoma kwa Kilatini, omba la juu yake.